Ukibonyeza Delete kuingia BIOS, hufuti kitu

Watu wengi huiogopa BIOS, ile programu ndogo inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na nahisi jina la kitufe limechangia. Kwenye kompyuta nyingi za mezani unaingia humo kwa kubonyezabonyeza Delete punde tu mashine inapowaka. Kompyuta mpakato nyingi hutaka F2, F10 au Esc. Delete hapo haifuti chochote, ni njia ya kuingilia tu. Haya hapa ni maneno ninayoyasikia kuhusu BIOS, na majibu yangu.

"Ukigusa mipangilio, faili zinapotea." Hazipotei. Mipangilio ya BIOS hukaa kwenye chipu ya madabodi (bamba kuu la saketi ndani ya kompyuta), na picha na kazi zako zimo kwenye diski. Ukiiweka flashi juu ya diski katika orodha ya kuwashia, mashine itaanza kuutafuta mfumo kwenye flashi, basi. Tena kwa kawaida mabadiliko hayashiki mpaka ubonyeze F10 na kukubali kuhifadhi.

Hata hivyo hofu hii ina chanzo chake. Kuna kipengele cha namna diski za SATA (zinazounganishwa kwa waya wa aina hiyo) zinavyosomwa, nacho kina chaguo kama RAID na AHCI. Ukikitoa kwenye RAID ukakipeleka AHCI, Windows inaweza kugoma, ikaleta skrini ya bluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Mwenye kompyuta anaamini diski imekufa, anaiformati, na hapo ndipo faili zinapotea kweli! Inaniuma kila ninapoona hivyo, kwa sababu kwenye mashine ya diski moja ilitosha kurudi BIOS na kukiweka kipengele kile kama kilivyokuwa. Kabla ya kugusa chochote, piga picha ya kila ukurasa kwa simu. Mimi siachi kufanya hivyo.

"Nimeweka nywila ya BIOS, faili zangu ziko salama." Diski ikichomolewa na kuchomekwa kwenye kompyuta nyingine, inasomeka kama kawaida. Kinachozilinda faili ni kuisimba diski yenyewe, yaani kuifunga kwa msimbo, kwa BitLocker ya Windows kwa mfano. Ukiwa nayo, andika pembeni ule ufunguo wake wa dharura wa tarakimu 48 kabla ya kusasisha BIOS au kuzima Secure Boot (ulinzi unaokagua programu za kuwashia), maana Windows inaweza kuudai ikiwaka.

"Saa ikirudi nyuma kila siku, ni virusi." Mara nyingi ni betri ya CR2032, ile ya duara kama sarafu iliyopachikwa kwenye madabodi. Ina volti 3 tu, na ikiisha, saa na mipangilio husahaulika umeme ukikatwa. Tarehe ikishakosewa, kivinjari nacho huanza kuzikataa tovuti salama, kwa kuwa vyeti vyake vinaonekana vimepitwa na wakati au havijaanza kutumika.

"BIOS lazima isasishwe kila toleo jipya likitoka." Sasisha ukiwa na sababu: prosesa mpya isiyotambulika, au toleo linaloziba tundu la usalama. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi inaweza isiwake tena.

"RAM iliyoandikwa 3200 itakimbia 3200 yenyewe." RAM ni kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na nyingi za aina ya DDR4 huanza na kasi ya chini, kama 2133 au 2400, hadi uwashe XMP, mpangilio wa kasi iliyoandikwa kwenye RAM, ndani ya BIOS. Kompyuta ikigoma baada ya hapo, madabodi nyingi hujaribu mara kadhaa kisha hurudi zenyewe kwenye kasi ya awali. Kwa mashine ya mezani isiporudi, izime, chomoa waya wa umeme, toa ile betri ya duara kwa dakika chache, kisha irudishe.