Uga sumaku na dozi ya mionzi ya ndani

Mama mmoja wa Majengo, aliyekuwa akijiandaa kwa tiba ya saratani ya mlango wa kizazi, aliniuliza: "Mwanangu, nitapigwa picha ya MRI, kisha nitiwe mionzi ndani. Ile sumaku haitaivuta?" Swali zito hilo, maana MRI ni mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku kubwa, na "usijali" si jibu.

Tiba ya mionzi ya ndani, brakitherapi, hupeleka chanzo cha mionzi hadi kwenye uvimbe wenyewe. Kinachotumika sana ni iridiamu-192, kipande kisichozidi punje ya mchele. Siri yake ni ukaribu. Msogelee muuza kahawa wa Mji wa Kale: kiganja kikikaribia makaa ya dele lake kinaungua, ukikirudisha nyuma kidogo unahisi vuguvugu tu. Mionzi nayo hufifia vivyo hivyo. Penye sentimita 2 hufika takriban robo ya inayofika penye sentimita 1. Ndiyo maana kibofu kilicho jirani hupata mionzi kidogo zaidi.

Mionzi ya iridiamu inayotibu hasa ni miale ya gama. Miale hiyo haina chaji ya umeme, kwa hiyo uga sumaku, yaani eneo linalofikiwa na nguvu za sumaku, hauipindi, hata huo wa MRI wa tesla 1.5 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku), wenye nguvu takriban mara 30,000 kuliko wa dunia. Ila dozi, yaani nishati ya mionzi inayobaki mwilini, huachwa hasa na elektroni ambazo miale hiyo huzing'oa kwenye atomi za mwili. Hizo zina chaji, na sumaku huzipinda.

Zinapinda kiasi gani, iwapo mionzi itatolewa mgonjwa akiwa ndani ya sumaku? Elektroni nyingi zinazong'olewa na miale ya iridiamu husimama ndani ya nyama kabla ya kufika milimita 1, kwa hiyo dozi haihami kwa kiasi cha kutisha. Za kobalti-60, chanzo kingine cha mionzi, zina nguvu zaidi na huweza kwenda milimita kadhaa. Hapo athari huonekana. Penye hewa, mathalani gesi iliyo kwenye utumbo, ndipo pa kuangalia sana: elektroni hupata nafasi ya kujikunja na kurudi ukutani, na dozi ya ngozi ile ya ndani hubadilika. Mwanafizikia sharti alipigie hesabu.

Nikamwambia mama: kwa kawaida picha hupigwa ukiwa umeshawekewa kifaa cha kupitishia mionzi, cha plastiki au titani, ambacho sumaku haikivuti. Iridiamu yenyewe bado iko kwenye kasha lake, chumba kingine. Inapoingizwa, umeshatoka kwenye MRI.