Kabla ya kuagiza mabati Tabora, uliza makisio ya tumbaku

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akija kutuuliza aagize mabati mangapi kwa ajili ya kiangazi, huwa tunamrudishia swali: makisio ya tumbaku mwaka huu yakoje? Wengi hushangaa. Walitarajia tufungue takwimu za pato la taifa.

Pato la taifa hutangazwa kila robo mwaka, tena baada ya robo yenyewe kupita. Idadi ya watu nayo, Mkoa wa Tabora ulikuwa na milioni 2.3 mwaka 2012 na milioni 3.4 mwaka 2022, inaonesha mahitaji yanapanda, lakini haikwambii Agosti itakuwaje. Vibali vya ujenzi vya halmashauri vingesaidia, laiti wote wanaojenga wangeviomba.

Kwa wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge, kinachotangulia ni tumbaku. Wanunuzi huingia mikataba na vyama vya ushirika vya wakulima (AMCOS) kabla ya msimu, kwa hiyo kilo zinazotarajiwa hujulikana mapema. Masoko hufunguliwa mvua zikielekea kuisha, na pesa ikiingia ndipo nyumba iliyoishia kwenye lenta, yaani juu ya madirisha, tangu mwaka juzi inapauliwa. Fuatilia siku malipo yanapotoka, si siku tumbaku inapopimwa. Malipo yakichelewa, aliyejaza mabati kwa mkopo wa benki anazihesabu wiki hizo kwa riba.

Riba elekezi ya Benki Kuu, iliyoanza kutumika Januari 2024 kwa asilimia 5.5, inamgusa mkandarasi na wewe mwenye duka. Mteja wako haimgusi sana. Anajenga kwa kudunduliza, tofali mwaka huu, saruji mwakani.

Daftari lako la mauzo pia ni kiashiria. Nondo hutangulia bati, bati hutangulia rangi. Nondo zikitoka kwa wingi na mabati yakalala, wateja wa bati wako njiani. Reli ya kisasa, SGR, isikuzuzue: mkandarasi wa reli hapiti dukani kwako kununua saruji. Kinachokufikia ni mishahara ya vibarua na vyumba vya kuwapangisha.

Halafu kuna dola. Bei ya tumbaku kwa miaka mingi imepangwa kwa dola, na chuma cha kutengenezea mabati huagizwa nje kwa dola. Shilingi ikishuka, mkulima anaweza kubeba noti nyingi zaidi akakuta bati nalo limepanda. Ndiyo maana sisi hupiga hesabu kwa kilo: bati moja la geji 30 linagharimu kilo ngapi za tumbaku ya daraja la kati, mwaka jana na mwaka huu.