Dhoruba ya jua haina shida na simu yako

Ujumbe ni uleule miaka yote, hapa Moshi unarudi kwenye magrupu ya WhatsApp kama mvua za masika: usiku wa leo mionzi ya angani inapita karibu na dunia, zima simu, iweke mbali na kitanda. Jirani yangu huchomoa hadi friji.

Dhoruba za jua zipo kweli. Ila zinahitaji waya mrefu. Jua likirusha wingu la chembe zenye chaji, usumaku wa dunia hutikisika, na mtikisiko huo husukuma mkondo kwenye laini za umeme za mamia ya kilomita. Mkondo huingia kwenye transfoma kubwa kupitia waya wa ethi, kiini chake cha chuma kinalemewa, transfoma inapata moto. Nyaya zilizo ndani ya simu yako ni fupi mno kwa kazi hiyo.

Kule Quebec, Kanada, tarehe 13 Machi 1989, dhoruba kama hiyo iliangusha gridi, yaani mtandao wa umeme, ndani ya takriban sekunde 90 tu. Watu milioni 6 walikaa gizani, wengi kwa saa 9.

Kinga basi ni kazi ya waendesha gridi: kupunguza mzigo, kuahirisha matengenezo, kufunga kapasita, kifaa cha kuzuia mkondo huo, kwenye ethi. Satelaiti zilizo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani huwapa onyo, mara nyingi chini ya saa moja.

Friji ichomoe kukiwa na radi, au umeme ukikatika na kurudi kwa fujo. Hapo jirani yangu yuko sahihi.