Kutumwa nje si kwenda nje

Neno "katumwa" nimelisikia tena juzi, kwa fundi cherehani wa Ngamiani anayenishonea madera. Mama mmoja alikuwa anasimulia habari za binti yake: "Katumwa Maskati, ana mimba ya miezi mitano, basi hapa Tanga itabidi wamlipe uzazi wake." Nikamuuliza, "Mama, katumwa na nani?" Akasema, na wakala.

Wakala hamtumi mtu. Wakala humtafutia mtu kazi, akishachukua chake ameshika njia.

Maana yenyewe ni fupi. Mfanyakazi aliyetumwa nje ni yule mwenye mkataba na mwajiri wa hapa, na mwajiri huyohuyo akamwambia akaifanye kazi yake nchi nyingine kwa muda, kisha arudi. Mkataba haujafa. Mshahara unatoka kulekule, na michango inaendelea kuingia kwenye mfuko uleule wa hifadhi ya jamii. Aliyekwenda na kusaini mkataba mpya na mwajiri wa Maskati au Dubai hakutumwa. Ameajiriwa huko, na haki yake ya uzazi aitafute kwenye sheria ya huko.

Nimekuwa afisa utumishi miaka mingi, na neno hili linaniuma kwa sababu Kiswahili kilishatufanyia kazi yote, sisi ndio tunaoiharibu. Kitenzi ni tuma. Kikiwa tumwa kinadai "na" papo hapo: ametumwa na fulani. Hakuna kutumwa kusiko na mtumaji. Watazame ndugu zake. Mtume ana aliyemtuma. Tume ni watu waliopewa kazi na mamlaka fulani wakaifanye na kurudisha majibu. Mtumishi naye yumo humohumo. Hata mtumwa, neno ambalo sisi wa pwani hatulitamki kwa wepesi, maana Pangani ni hapo tu na Bagamoyo si mbali, kwa asili ni mtu anayetumwa. Kwa hiyo ukisema "katumwa" umeshataja watu wawili, hata kama wa pili hukumtaja jina. Huyo wa pili ndiye anayedaiwa.

Na wapo waajiri wanaolipindua neno upande wa pili. Miaka ya nyuma alinijia binti mhasibu wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Alikuwa amepelekwa ofisi yao ya Mombasa, akawa anapita Horohoro kila mwisho wa mwezi kuja kuwaona wazazi. Mimba ilipojulikana akaambiwa, "Wewe sasa uko Kenya, mambo yako ya uzazi ni ya Kenya." Barua yake aliikunja mara nne, ameichomeka ndani ya kadi ya kliniki. Tukaikunjua mezani. Mstari wa tatu: "unatumwa Mombasa kwa muda wa miezi kumi na miwili, mshahara wako utaendelea kulipwa Tanga." Na hati yake ya mshahara ilionyesha makato ya NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, kila mwezi, hayakuruka hata mmoja. Mtu wa Kenya gani anakatwa NSSF ya Tanzania? Nilimwambia arudi kwa mwajiri na karatasi hizo mbili tu, asiongeze neno. Likizo yake alilipwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mara moja. Anatakiwa kumwarifu mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, pamoja na cheti cha daktari. Lakini sheria hiyo imeandikwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Tanzania Bara (Pemba tunaiona karibu, ila Zanzibar ina sheria yake ya kazi), ndiyo maana kwa anayevuka mpaka karatasi ina uzito mkubwa sana. Sheria hiyohiyo inataka mkataba wa mtu atakayefanya kazi nje ya Jamhuri ya Muungano uwe wa maandishi. Basi iandikwe humo: nani analipa mshahara, nani anapeleka michango, na likizo ya uzazi inafuata sheria ipi. Mwajiri akikataa kulipa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na kwa madai ya namna hii siku ni 60, zisiachwe zipite.

Kuna pia wanaochanganya mshahara wa likizo na mafao ya uzazi. Mshahara wa likizo ni deni la mwajiri. Mafao yanatoka kwenye mfuko, kwa michango ya mwanachama na mwajiri wake, na yana masharti yake. Kupata kimoja hakumpi mwajiri ruhusa ya kukizima kingine.

Nirudi kwa mama wa pale kwa fundi. Sheria ya kazi ya Oman ya 2023 inatoa siku 98 za likizo ya uzazi, lakini wafanyakazi wa majumbani hawamo ndani ya sheria hiyo, na binti yake ndiyo kazi aliyoiendea. Neno "katumwa" lilikuwa linamtuliza moyo, kwamba nyuma ya mwanawe yuko mtu hapa Tanga. Hayupo. Sikutaka kumwambia hivyo mbele ya watu, nikamsogelea.

"Mama, usiseme katumwa. Sema kaajiriwa Maskati. Na leo usiku akipiga simu, mwambie aupige picha mkataba wake, ukurasa wenye jina la mwajiri, akutumie."