Kujikaza Peke Yake Hakutoshi

Mfanyabiashara wa mitumba sokoni Kibuye ambaye bidhaa zake zimenyeshewa Jumamosi jioni, wakati soko kubwa ni Jumapili, huambiwa ajikaze. Mwanafunzi aliyeanguka KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, huambiwa vivyo hivyo. Hata mjane, kaburi likiwa bado bichi. Sisi tunaotoa ushauri nasaha hapa Kisumu hatuna ugomvi na ukakamavu, maana mwenye watoto wa kulisha hana budi kuamka kesho. Shida ni kwamba anayejikaza mara nyingi hufunga mdomo, na kufunga mdomo hakuondoi maumivu. Miaka ya 1990, mwanasaikolojia wa Marekani, James Gross, na mwenzake waliwaonyesha watu filamu za kuchukiza na za kuhuzunisha, wakawaagiza baadhi yao wasionyeshe chochote usoni. Walificha vizuri sana. Lakini hisia yenyewe haikupungua, na miili yao ilionyesha msisimko mkubwa kuliko ya wale walioachwa huru.

Basi mtu afanyeje? Shirika la Afya Duniani lilibuni mpango wa vikao 5 kwa watu waliolemewa na shida za maisha, na mpango huo ulijaribiwa Nairobi miongoni mwa kina mama. Walioutoa hawakuwa madaktari bali wahudumu wa afya wa kijamii waliopewa mafunzo mafupi, na msongo wa kina mama hao ulipungua kuliko wa wale waliopata huduma za kawaida. Kwa hiyo ustahimilivu hufunzwa. Si kipaji cha wachache waliozaliwa na roho ngumu.

Sehemu moja ya mpango huo inastahili kufanywa na kila nyumba: kuchambua shida. Chukua mwendesha bodaboda wa Kondele. Anadaiwa malipo ya pikipiki, petroli imepanda, na shemeji amemtukana kwenye harusi. Kichwani mambo hayo matatu ni mzigo mmoja usiobebeka. Akiyaandika, anaona kwamba la shemeji linaweza kusubiri. Bei ya petroli hutangazwa na EPRA, mamlaka ya serikali ya nishati na petroli, tarehe 14 ya kila mwezi, na hasira zake haziwezi kuishusha hata senti. Limebaki deni, na hapo kuna la kufanya leo: kwenda kuzungumza na mwenye pikipiki kabla siku ya malipo haijapita, badala ya kukopa kwenye simu ili kulipa mkopo mwingine. Hatua iwe ndogo kiasi kwamba inaweza kukamilika kabla ya jua kutua.

Moyo ukienda mbio, vuta pumzi polepole hadi tumboni, kisha itoe polepole zaidi, kwa dakika chache. Chang'aa nayo hutuliza usiku mmoja na kuharibu usingizi. Sitaki kuirefusha hiyo.

Ninaloliona halijapewa uzito ni watu. Huku kwetu matanga huwa na umati, mahema na vyakula, na huo ni msaada wa kweli. Halafu mahema hung'olewa, wageni hurudi Nairobi, na mfiwa hubaki na nyumba kimya wakati ambapo uchungu ndio kwanza unaanza kueleweka. Vyama vyetu ni hodari wa kuchanga pesa. Naomba viongeze jambo moja kwenye kumbukumbu za mkutano: nani atamtembelea mfiwa mwezi ujao, bila bahasha, akae naye tu, amsikilize bila kumkatiza na bila kumhubiria.

Huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, mtu akakosa usingizi, akaacha kula au kuongea na watu, au akataja kutaka kufa, asiambiwe ajikaze. Mpelekeni hospitali. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba, kwa hiyo hofu ya kushtakiwa isimzuie yeyote kutafuta msaada. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo.