Cord 812: Kabla ya Kusifia Rangi, Chungulia Chini

Wengi wanaosimama mbele ya Cord 812 ya mwaka 1937, gari la Kimarekani, ile ya paa la turubai linalokunjwa na kufunikwa kwa kifuniko cha chuma, huanza kwa kusifia rangi. Mimi huwaomba kwanza wachungulie chini. Hakuna propela, yaani shafti ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, kwa kuwa injini inavuta magurudumu ya mbele. Ndiyo maana sakafu iliweza kushushwa, na iliposhuka, mchoraji wake Gordon Buehrig hakuhitaji tena vile vibao vya kukanyagia vilivyokuwa ubavuni mwa magari mengi ya enzi hizo. Umbo lile limezaliwa na mitambo. Anayekarabati bodi na kuacha mitambo ilivyo amefanya nusu ya kazi.

Na mtambo unaowashinda wengi ni giaboksi. Ina gia nne za kwenda mbele, lakini hakuna fimbo ya gia sakafuni. Kando ya usukani kuna kijiti kidogo mno. Dereva anachagua gia kwa kidole, lakini gia haibadiliki papo hapo. Hadi akanyage klachi ndipo umeme unafungua vali, na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini unaingiza gia yenyewe. Ikifanya kazi, ni raha tupu. Lakini bomba moja likivujisha hewa, au waya mmoja ukishika kutu, gia inagoma. Gari hili lilioneshwa New York mnamo Novemba 1935, kwa jina la 810, kabla mitambo haijakomaa. Walioagiza wakasubiri miezi, na wengine walipolipata likawa linaruka gia na kuchemsha. Uzalishaji ulikoma mwaka 1937, yakiwa yametengenezwa takriban magari 3,000 tu.

Taa za mbele zimefichwa ndani ya madigadi. Kila moja ina mpini wake kwenye dashibodi, mmoja upande wa dereva na mwingine upande wa abiria. Asili yake ni taa za kutua za ndege za Stinson.

Kuhusu yale mabomba ya eksozi yanayong'aa ubavuni mwa boneti: yalikuja na injini zenye supachaja, kifaa cha kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, lakini si ushahidi kwamba gari lilitoka nayo kiwandani. Magari mengi yaliongezewa mabomba na supachaja miaka ya baadaye. Mnunuzi asome herufi za namba ya injini, iliyotengenezwa na kampuni ya Lycoming: FC ilitoka kiwandani na supachaja, FB haikutoka nayo.

Kwenye bodi, kinachonitia wasiwasi ni kutu ya boriti za chini ya milango. Cord haina chasisi ndefu ya kawaida. Kipande kifupi cha mbele kinabeba injini, na kilichobaki kinabebwa na bodi yenyewe. Gari lisilo na paa la chuma linategemea boriti hizo mno. Ukizikata bila kwanza kuchomelea vyuma vya kushikilia nafasi za milango, bodi inalegea katikati, na milango haitafunga sawasawa tena. Kwa hiyo mimi naanza na boriti, halafu giaboksi, nyaya na mabomba ya hewa, kisha naliendesha gari likiwa bado halijapigwa rangi, hadi gia zote ziingie injini ikiwa baridi na ikiwa moto. Baada ya hapo ndipo namwita mpiga rangi.