Leza Iliyotoka Luthuli Avenue
Leza yangu ya kwanza ya utafiti niliitoa ndani ya redio ya CD iliyokufa. Nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, pesa za maabara zilikuwa zimekwisha kabla mwaka haujafika nusu, nikashuka Luthuli Avenue kwa fundi mmoja mzee mwenye rundo la redio mbovu nyuma ya duka.

"Unataka hilo jicho tu?" akaniuliza. "Na redio nibaki nayo?"

"Baki nayo, mzee."

Akanitazama kama mtu anayenunua ng'ombe ili achukue kengele.

Jicho hilo ni daiodi ya leza, kijipande cha kielektroniki kinachotoa mwanga wa rangi moja tu. Hutoa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita (sehemu za bilioni za mita) 780 hivi, mwekundu uliokolea hadi macho hayauoni vizuri. Waliobuni CD walichagua mwanga huo kwa sababu zao, bila habari yoyote na atomu ya rubidi. Lakini rubidi, metali laini inayoyeyuka kwa nyuzi 39 tu, hunyonya mwanga wa nanomita 780.24. Kwa bahati hiyo, kazi iliyotaka leza za kujaza meza nzima ikawezekana kwa mwanafunzi mwenye nauli ya matatu.

Atomu huchagua hivyo kwa sababu elektroni yake hukaa kwenye ngazi za nishati na haiwezi kusimama katikati ya ngazi mbili. Mwanga usiolingana na pengo lililopo hupita kama haujaona mtu. Kila elementi ina mapengo yake, ndiyo maana Bunsen na Kirchhoff waliitambua rubidi mwaka 1861 kwa mistari yake myekundu katika spektra, yaani mwanga uliotawanywa rangi kwa rangi, kabla metali yenyewe haijapatikana.

Basi nikawasha daiodi, nikaielekeza kwenye chupa ya mvuke wa rubidi. Hakuna kitu. Ilikuwa kwenye nanomita 784, na kwa atomu hiyo ni nchi nyingine. Daiodi za aina hii husogea kama robo ya nanomita kwa kila digrii moja ya joto, na chumba chetu asubuhi ya Julai hakikuwa chumba kile kile saa nane mchana. Niliipoza, nikajenga saketi ya kushikilia joto, nikaiharibu, nikajenga nyingine. Watu hupenda kuonyesha leza yao kwa wageni. Mimi ningeonyesha kidhibiti joto, maana huko ndiko miezi yangu minne ilikokwenda.

Hatimaye rubidi ikanyonya, lakini mstari, yaani alama ya pale inaponyonya, ulikuwa mnene. Simama Makadara treni inapopita ikipiga honi: ikija sauti ni ya juu, ikishapita inashuka. Atomu za mvuke nazo hukimbia huku na huku, mita mia mbili na zaidi kwa sekunde, kila moja ikiona masafa ya leza (idadi ya mawimbi kwa sekunde) tofauti kidogo. Mstari ambao kwa asili una upana wa megahetsi 6 hivi huvimba hadi kama 500, na mistari midogo iliyo karibu karibu humezwa humo.

Dawa yake ndiyo iliyonifanya nisitoke katika kazi hii mpaka leo. Unapitisha mwali wenye nguvu upande mmoja wa chupa ya mvuke, na mwali dhaifu wa leza hiyo hiyo unatoka upande wa pili kuukabili. Atomu inayoukimbilia mmoja inaukimbia mwingine, kwa hiyo haiwezi kulingana na yote miwili kwa masafa ya mstari. Ni zile tu zisizoelekea huku wala kule ndizo zinazolingana na yote. Mwali wenye nguvu unakuwa umeshazishughulisha, na ule dhaifu unapita kwa urahisi. Kwenye skrini, katikati ya bonde pana, vinachomoza vilele vyembamba kama miiba. Hujazipoza atomu wala kuzikamata. Umezichuja tu.

Vilele vyangu vya kwanza vilitokea saa tatu usiku, nikapata picha moja kabla stima haijapotea. Siku hizi tunaifunga leza kwenye kilele kimojawapo ili isitangetange, kisha ndipo kipimo chenyewe kinaanza.

Picha ile nilimpelekea fundi. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaniambia redio nyingine tatu zimeingia juzi.